Kilomita za Rambirambi

Jumanne ya tarehe kumi na tisa Julai, mwaka elfu mbili sitini na moja, gari langu lilinipa pole ya msiba kabla mimi mwenyewe sijajua kama nimefiwa.

Asubuhi ile mke wangu Tusekile aliamka hawezi kumaliza sentensi. Anasema, "Baba Ipyana, nipe..." halafu anahema, ananyoosha kidole kwenye kikombe. Kifua kilikuwa kikimbana tangu Jumapili, lakini mke wangu alikuwa mtu wa kusema kesho kitaachia. Jirani yetu, Mama Subilaga, alipomsikia anavyovuta pumzi kupitia ukutani, aliingia bila hodi.

"Shemeji, unangoja nini? Washa gari!"

Tulimvika masweta mawili. Huku kwetu juu Julai ni baridi ya kupasua midomo, mashamba ya pareto yanaamka meupe kwa barafu. Mama Subilaga akakunja blanketi zito, akalitandika kwenye kiti ili mwenzake asigongwe mgongo na mashimo. Tukamkalisha. Tukaondoka, mimi na mke wangu tu.

Kilomita nilikuwa nazo. Nilikuwa nimenunua za kupeleka viazi mjini, nikapiga hesabu kichwani: kufika hospitali ya wilaya zinatosha, na za kurudi nitanunua hukohuko. Enzi za baba yangu mtu alilipia barabara ndani ya petroli. Unaweka mafuta, kodi imo humo humo, huioni wala haikuoni. Petroli ilipokufa, magari yakawa yanakula jua, wakubwa wakaamka asubuhi wakakuta sufuria tupu. Ndipo wakatufungia kipimo chini ya usukani. Gurudumu likizunguka, unatozwa. Kilomita zikiisha, gari linalala pale lilipo, uwe sokoni, uwe porini.

Sikukataa hilo. Barabara inatengenezwa kwa kitu, na mimi si mtu wa kudandia bure. Nililipa miaka yote.

Tulipofika mtoni daraja halikuwepo. Lilikwenda na maji ya masika, na wale wanaolitoza gurudumu langu hawakurudi hata kulitazama. Waliweka kibao tu: Pole kwa usumbufu, pita njia ya mlimani. Nikakata kona, nikaanza kuzunguka mlima mzima. Kipimo hakijui daraja. Kinajua gurudumu limezunguka. Kilomita zikawa zinapukutika kama punje kwenye gunia lililotobolewa na panya, nami natazama barabara kwa jicho moja na kipimo kwa jicho la pili.

Tuliishiwa kwenye kona ya juu kabisa, ndani ya ukungu.

"Ndugu dereva," ikasema ile sauti ya kike ya kwenye kipimo, ambayo nchi nzima tunaiita Dada, "mwendo wako umekwisha. Tafadhali nunua mwendo ili uendelee na safari."

Kilomita zinanunuliwa kwa simu. Pale juu hakuna mnara. Nikapanda juu ya boneti, nikainua simu mpaka bega likauma. Hakuna kitu. Nikarudi ndani, nikakipiga kipimo ngumi.

"Nina mgonjwa! Unasikia, wewe? Mgonjwa!"

"Tafadhali nunua mwendo ili uendelee na safari."

Nikaitukana ile sauti matusi ambayo sijawahi kuyasema mbele ya mke wangu. Yeye akanigusa mkono. Akatabasamu, kwa kweli alitabasamu, midomo imeshakuwa ya kijivu.

"Mwache, baba Ipyana," akasema. "Na yeye... katumwa."

Nikamwambia nakimbia hadi kona ya mbele kutafuta mtandao, au mtu, au chochote. Akaniitikia kwa kichwa. Nilikimbia. Mtandao sikuupata, mtu sikumpata, nilimpata ng'ombe mmoja kafungwa kwenye mti ananitazama kama vile mimi ndiye niliyepotea.

Nilipokuwa narudi, nikaona taa za gari zimewaka ndani ya ukungu.

Nilifurahi. Mungu anaijua ile furaha. Nilidhani simu imeshika yenyewe, nilidhani kuna mkubwa mmoja huko mjini ameona, ameguswa. Nikakimbia nikicheka peke yangu. Nikafungua mlango, na Dada akasema kwa upole, sauti ileile:

"Ndugu dereva, Mamlaka ya Mwendo inatoa pole kwa msiba uliokupata. Umepewa kilomita za rambirambi za kumfikisha marehemu nyumbani kwake. Safiri salama."

Nikamtazama Tusekile. Kichwa kimeegemea kioo. Nikaweka sikio kifuani pake, juu ya yale masweta. Upepo unapiga, moyo wangu mwenyewe unadunda kama wa mwizi, sikusikia zaidi ya hapo. Nikaita jina lake. Nikamwita tena.

Nikakanyaga kwenda mbele, kuelekea hospitali. Gari likalala.

"Mwelekeo huu si wa nyumbani kwa marehemu."

Nikakanyaga tena, likalala tena. Nikageuza usukani kuelekea tulikotoka, na gari likaondoka kwa wepesi ambao halikuwa nao tangu siku nililolinunua. Nikasimama. Nikashuka. Nikamnyoosha mke wangu mikono, nikailaza juu ya mapaja yake. Nikachukua kitenge chake nikamfunika uso, kwa sababu ndivyo tunavyowafanyia wafu wetu, hawaendi barabarani wazi. Nikamrudisha nyumbani, naye Dada ananiambia kila kona tulipofika: mteremko mkali, punguza mwendo, pole kwa msiba.

*

Wanawake walimpokea, wakaniondoa mlangoni. Nikakaa kwenye kigoda nje na wanaume. Hakuna aliyesema kitu cha maana, kama kawaida ya wanaume msibani. Maji yalikuwa bado yanachemka Mama Subilaga alipotoka. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililonitisha, kwa kuwa yeye na Tusekile walikuwa kama wamenyonya ziwa moja.

"Shemeji, ingia."

"Mimi? Mnamwosha."

"Hatujaanza. Ingia uone kabla sijagusa."

Aliwatoa wenzake wote. Tusekile amelazwa kwenye mkeka, kitenge kiko palepale usoni nilipokiweka. Mama Subilaga akainua blanketi la juu.

Mkono wa kulia haukuwa kwenye paja. Ulikuwa umepanda mpaka kifuani, chini ya kitenge, umekikamata pindo. Umekikamata kwa ngumi, kwa ndani, kama mtu anayetaka kujifunua. Na pale mdomoni kitenge kilikuwa na duara la unyevu, bado hakijakauka.

"Uliuweka wewe hivi?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Basi nani?"

Nilikaa chini kwenye udongo. Mama Subilaga akavifungua vile vidole kimoja kimoja, taratibu, anamwambia marehemu, "Achia, dada. Achia sasa. Tumefika."

*

Siku ya mazishi Mamlaka ilileta gari tatu. Gari tatu! Mtu hai hawakumletea hata toroli. Nchi hii inajua kuzika, hilo siwanyimi. Mgonjwa utamwuguza peke yako mpaka mgongo upinde, lakini ukiweka turubai tu, waheshimiwa wanashuka kama kunguru, na shada la maua ya plastiki, na bahasha, na hotuba. Ndiyo maana kipimo chao kina kilomita za maiti na hakina za mgonjwa. Walisema mgonjwa anaweza kujifanya, maiti haijifanyi.

Na hapo walikuwa na sababu, kwa kuwa sisi nasi si malaika. Kodi ya abiria ni ndogo, ya mzigo ni kubwa. Watu wa huku tulikuwa tunavalisha magunia ya viazi vitenge na vilemba, tunayafunga mkanda kwenye kiti cha abiria. Ukipita kizuizini unaliambia gunia, "Mama, wasalimie maafande." Tulicheka sana miaka ile. Basi wakatuletea kiti kinachosikiliza moyo. Kiti kikisikia moyo, huyo ni abiria. Kisiposikia, huyo ni mzigo. Na kama kilikuwa kinasikia halafu kikaacha, huyo ni marehemu.

Nikapeleka malalamiko. Nilitaka jambo moja tu: waniambie mke wangu alikufa kabla gari halijawaka, au baada.

Wakamtuma mkaguzi anaitwa Mnzava, kijana safi, viatu vyake vilisikitika kuliona tope letu. Alikuja na mwenyekiti wetu wa kijiji, Chaula, wakakaa sebuleni kwangu.

"Mzee Tweve," akaanza, "hakuna anayesema wewe ni mwongo. Tunasema ulikuwa na uchungu."

"Uchungu wangu ndio uliofumba ngumi ya mke wangu?"

"Misuli hukaza baada ya kifo, mzee. Daktari anaweza kukueleza."

"Mlete huyo daktari. Siku ile nilimtafuta sikumpata."

Chaula akakohoa. Mnzava akatazama kikombe chake cha chai, kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu na mtu, si ya ofisi:

"Kulikuwa na blanketi kwenye kiti. Na masweta. Kiti kilijaribiwa pwani, mzee, kule watu wanavaa fulana. Inawezekana. Sisemi ndivyo, nasema inawezekana."

"Basi andika hivyo."

"Nikiandika hivyo, viti vyote vinasimamishwa nchi nzima."

"Visimamishwe!"

"Na vikisimamishwa, hiki nilichokuja kukupa nacho kinakufa."

Ndipo akatoa lile alilotumwa. Kata yetu ingekuwa ya kwanza kupewa kilomita za mgonjwa. Gari lolote lenye mtu anayeumwa, kiti kitasikia moyo unavyokwenda ovyo, na gari litapanda mpaka hospitali bila kusimama, kilomita au hakuna kilomita. Lakini kazi hiyo inafanywa na kiti kilekile. Mamlaka haiwezi kukiongezea kazi kiti chenye kesi. Ila mfiwa akithibitisha kwa dole lake kwamba kiti kilimtambua marehemu kwa usahihi, kesi imekwisha, na mwezi huohuo kata inapata.

"Na kata nyingine?" nikauliza.

"Zitafuata."

"Lini?"

"Zitafuata, mzee."

"Lakini kiti chenyewe, hiki kinachotangaza maiti?"

"Hicho kitafungwa kwenye kila gari kabla ya mwaka kwisha."

Chaula akadakia, "Lutengano, fikiria. Tusekile harudi. Wapo walio hai."

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Daraja lile ungelisemea hata mara moja tu, tusingekuwa hapa tunanunuana."

*

Mama Subilaga alikuja siku ya pili na bakuli la viazi na maharage. Akaliweka mezani, hakukaa. Nikajua.

"Nimekuja kuomba kitu kibaya," akasema.

"Na wewe?"

"Wataniuliza mimi, shemeji. Mimi ndiye niliyemwosha. Wewe ukisema niseme nilichoona, nitakisema, hata wakinikata ulimi. Sitakukana. Nataka uanze kulijua hilo."

"Haya. Malizia."

"Subilaga miguu imevimba." Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane. Ile ya kwanza tuliipoteza wote, mtoto alifia tumboni wakati mume wa binti anakimbia kijijini kuomba watu wamchangie kilomita. "Jana ameanza kuona ukungu machoni. Nesi anasema siku yoyote apelekwe, na si kwa kungoja. Mkwe wangu gari analo. Kilomita hana."

"Nitampa zangu."

"Unazo?"

Sikuwa nazo, wala pesa ya kuzinunua. Tangu siku ile sikuligusa lile gari.

"Unajua unachoniomba?" nikasema. "Unaniomba niseme alikuwa amekufa nilipomfunika."

"Najua."

"Nikisema hivyo, kule kwingine kuna mtu atafunikwa."

"Najua, shemeji. Nimelala na hilo. Lakini huyo mtu simjui jina." Hapo ndipo alipolia. "Binti yangu namjua. Nisamehe. Huyo wa mbali simjui jina."

"Tusekile angesemaje?" nikamuuliza. Nilitaka kumuumiza.

Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Tusekile angesema tumpeleke Subilaga. Halafu angekaa wiki nzima haongei na mtu."

Ilikuwa kweli tupu. Nilimchukia kwa kuijua.

*

Ofisi ya kata ilikuwa imefagiliwa. Mnzava akasoma maneno kwenye kioo cha kompyuta yake ya mkononi: kwamba mimi, Lutengano Tweve, mume wa marehemu, nathibitisha kiti kilitambua kifo kwa usahihi, wakati ule kilipotokea.

"Soma tena," nikasema.

Akasoma tena.

"Tena."

Mara ya tatu alisoma polepole, neno kwa neno. Nilitaka angalau mmoja wao ayasikie maneno yale masikioni mwake mwenyewe. Dirishani nilimwona Subilaga kakaa kwenye ngazi, amevua viatu kwa sababu haviingii tena, mama yake amemshika bega na hanitazami.

Nikaweka dole. Kile kioo hakina wino, kidole kilitoka safi. Hata hivyo nilikipangusa kwenye suruali mpaka nafika nyumbani.

Walitimiza, siwasingizii. Subilaga aliposhikwa na uchungu, mkwe wa Mama Subilaga alimpakia, Dada akasema, "Mgonjwa ametambuliwa, endelea na safari," na gari likapanda ule mlima, likapita ile kona bila hata kupunguza. Alijifungua mtoto wa kike. Walimleta kwangu akiwa na siku chache, wakanipakatisha, mwekundu, mdogo, ananusa sweta langu akitafuta ziwa.

"Tunataka kumwita Tusekile," akasema Mama Subilaga.

"Subirini kwanza," nikamjibu.

Nilifurahi na yule mtoto. Lakini mtoto akilia nyumba ya pili mimi hutoka nikaenda shambani, niwe na kazi, nisiwe na kazi.

Redioni walianza kunitangaza. "Mfiwa mwenyewe, mkulima wa nyanda za juu, amethibitisha: kiti hakikosei." Wakalitaja jina langu lote. Watu wa mikoani wakawa wanaliongea kwenye vituo vya kuchajia magari kama jina la dawa.

Juzi mchana nilikuwa nachuma pareto, simu ikaita. Namba siijui. Nikasikia upepo, na pumzi za mtu aliyekuwa anakimbia.

"Shikamoo baba. Ndiye mzee Tweve? Yule wa redioni?"

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Hunijui, baba. Naitwa Lusato, niko huku kwetu kanda ya ziwa. Namba yako nimepewa na ofisi ya kata yako, nimewaomba kama mtoto." Sauti ilikuwa changa, sauti ya mtu ambaye ndevu bado hazijamkubali. "Niko njiani na mke wangu. Alikuwa anatokwa damu. Gari lililala, hela ya kilomita sina, sasa limewaka. Linasema pole."

Nyuma yake nilimsikia Dada, kwa upole wake uleule, akimwambia asafiri salama.

"Nimemshika mkono, una joto. Lakini kifuani sisikii kitu, kuna mvua hapa, sisikii vizuri. Baba, unanisikia? Gari linataka kurudi nyumbani tu. Hospitali iko mbele, paa lake naliona ng'ambo ya bonde, lakini ni mbali, na mimi peke yangu. Kama amekwenda, siwezi kumburuza kwenye tope kama mzigo, mama yake hatanisamehe. Kama hajaenda..." Akalia, akajizuia. "Baba, wewe yalikukuta. Wewe uliweka dole. Sema wewe, nitakuamini wewe: nigeuze gari, au nimbebe mgongoni niendelee?"